Usonji na maumivu sugu: vinakutana wapi?

Mtu mwenye usonji anaweza kuvua shati kwa sababu tu ya lebo ya shingoni. Haijamchubua, lakini kwake inakera kiasi cha kutovumilika. Tangu 2013, DSM-5, mwongozo wa Marekani wa utambuzi wa matatizo ya akili, unahesabu kupokea hisia kwa ukali mno au kwa uhafifu mno miongoni mwa dalili za usonji.

Maumivu sugu ni yale yanayodumu au kujirudia kwa zaidi ya miezi 3. Mengine, kama ya fibromayaljia (ugonjwa wa maumivu ya mwili mzima na uchovu), hayaonekani kwenye eksirei wala kipimo cha damu, na wagonjwa huambiwa wanajisingizia. Si kweli. Mwaka 1983 mtafiti wa maumivu Clifford Woolf alionyesha kwamba baada ya jeraha, neva za ndani ya uti wa mgongo zenyewe huongeza mwitikio wake. Neva zikifikia hali hiyo, hata pamba ikipitishwa juu ya ngozi inauma. Hiyo ndiyo alodinia. Wengi wenye fibromayaljia husumbuliwa pia na kelele, mwanga na harufu, na hapo ndipo wanapofanana na wenye usonji. Huenda ni utaratibu uleule wa neva, ila kufanana si ushahidi kwamba kimoja huzaa kingine.

Jambo jingine linalounganisha usonji na maumivu ni viungo vya mifupa vinavyonyumbulika kupita kiasi, ambavyo huweza kuuma na huonekana zaidi kwa wenye usonji. Kipimo cha Beighton, kinachopima unyumbufu huo, kina alama 9: vidole gumba kugusa kigasha, vidole vidogo kurudi nyuma kupita nyuzi 90, viwiko na magoti kupinda nyuma kupita nyuzi 10 (kila upande alama 1), na viganja kugusa sakafu magoti yakiwa yamenyooka. Kwa mtu mzima aliye chini ya miaka 50, alama 5 zinatosha kumfanya daktari achunguze zaidi.

Kinachokwamisha matibabu mara nyingi ni swali lenyewe. "Maumivu ni mangapi kati ya 0 na 10?" humwacha kimya mtu asiyetambua kwa urahisi ishara za mwili wake, na uso mtulivu hauthibitishi kwamba haumwi. Mpe mchoro wa mwili aonyeshe panapouma, kisha uliza ameacha kufanya nini: kula upande mmoja, kupanda ngazi, kulala? Tabia ikibadilika ghafla, anza na meno, masikio na choo kigumu kabla ya kusema "ni usonji wake".