Hapana, pampu si pampu tu

Wiki iliyopita mteja wa nne tangu mwaka uanze alisimama ofisini kwangu, funguo mkononi, akaniambia: "Injinia, pampu ni pampu. Kwenye maduka ya Gerezani, Dar es Salaam, zimejaa. Nifungieni inayofanana, nichukue tipa langu niondoke." Pampu yenyewe ni ile inayosukuma oili kwenye jeki ya kuinulia bodi la tipa. Nilimjibu kwa upole kwa sababu ana haki ya kukasirika. Chesi yake, yaani lori lenyewe kabla ya kujengewa bodi, ina mkopo, na marejesho ya benki hayasubiri meli inayoleta pampu. Lakini hilo neno "inayofanana" limenichosha, na leo nalijibu kwa kirefu.

Tunajenga bodi juu ya chesi: matipa, maboza ya maji, matenki ya mafuta, magari ya kunyonya majitaka. Watu wakisikia uhaba hudhani chuma kimeisha. Katika miaka yangu yote karakanani, chuma hakijanisimamishia kazi zaidi ya wiki mbili. Kinachosimamisha kazi ni kitu kidogo: valvu ya hewa ya kuingizia PTO (kifaa kinachochukua nguvu kwenye giaboksi na kuizungusha pampu), sili ya jeki, kiunganishi cha mpira wa haidroliki chenye uzi wa aina moja tu. Tipa linakaa uwanjani miezi miwili, limepakwa rangi, taa zinawaka, na kilichokosekana unakibeba kwa mkono mmoja.

Sababu mnazijua. Mwaka 2021 chipu ziliadimika duniani na chesi zenyewe hazikuja, tukabaki na bodi zilizokamilika bila gari la kuzibeba. Mwaka 2023 chesi zilikuwepo, dola ndiyo ikawa haipatikani benki. Mwisho wa mwaka huohuo meli zikaanza kushambuliwa Bahari Nyekundu, na nyingi za kutoka Ulaya zikaamua kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema. Kila safari kinachokosekana ni kingine, kwa hiyo kujiandaa kwa uhaba uliopita hakusaidii sana.

Sasa turudi kwenye pampu.

Tipa la yule mteja limepigiwa hesabu ya pampu ya sentimita za ujazo 80 kwa kila mzunguko. PTO ikizunguka mara 1,000 kwa dakika, inatoa lita 80 kwa dakika. Jeki yake inahitaji lita 60 kufika juu kabisa, yaani sekunde 45. Aliyoiona Gerezani ni ya 110. Akilini mwake kubwa ni bora, maana bodi litapanda kwa sekunde 33. Ni kweli litapanda haraka, lakini nguvu ya kuizungusha pampu inatoka wapi? Kwa mgandamizo wa baa 180, pampu ya 80 inaikamua PTO nyutonimita (kipimo cha nguvu ya kuzungusha) 229 hivi. Ya 110 inaikamua 315. PTO iliyopo kwenye giaboksi lake mwisho wake ni 300. Haitavunjika siku ya kwanza, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi, kwa sababu ataondoka akifurahi, atamwambia jirani yake kwamba yule injinia alikuwa anamsumbua bure, halafu meno ya gia yatakatika miezi michache baadaye, amebeba kokoto, mbali na mjini.

Bado kuna mwelekeo. Pampu nyingi za gia zimetengenezwa kuzunguka upande mmoja tu, kulia au kushoto, na kwa macho huwezi kuzitofautisha usipojua pa kutazama. Ukiifunga kinyume, mgandamizo unaingia upande ambao sili ya shafti haikuandaliwa kuubeba, na sili inasukumwa nje. Oili yote inamwagika chini. Nimewahi kuletewa gari la namna hiyo likiwa limevutwa, na fundi aliyeifunga bado anasisitiza kwamba pampu ilikuwa "nzima kabisa". Kweli ilikuwa nzima. Aliifunga upande usio wake.

Meno ya shafti sitayaeleza sana. Yasipolingana na PTO hayaingii, basi. Ninachokataza ni kuyalazimisha kwa kuchonga adapta dirishani kwa fundi wa mashine bila kipimo.

Na chuma nacho, kwa kuwa watu hukiona rahisi. "Hakuna ile plati ngumu? Weka ya kawaida, ongeza unene." Plati ngumu ya sakafu ya tipa ina ugumu wa 450 kwa kipimo cha Brinell. Chuma cha kawaida cha kujengea kiko karibu na 150. Tuseme bodi lina mita za mraba 30, na badala ya milimita 4 nimeweka 6. Mita moja ya mraba ya chuma yenye unene wa milimita 1 ina kilo 7.85. Piga hesabu: kilo 471 zimeongezeka, na sakafu bado italika mapema zaidi. Tipa la ekseli tatu kwa sheria ya Afrika Mashariki mwisho wake ni tani 26 kwenye mizani, gari na mzigo pamoja. Mizani ya magari ya Vigwaza, mkoani Pwani, haiulizi kama uzito ni wa mchanga au wa bodi. Kwa hiyo kila safari, kwa maisha yote ya lile gari, mteja anaacha karibu nusu tani ya mchanga machimboni. Uhaba wa wiki mbili ameugeuza hasara ya miaka kumi.

Matenki ya mafuta ndiyo yana masharti zaidi. Ukibadilisha umbo la chumba kimoja tu, ujazo umebadilika, na lazima Wakala wa Vipimo walipime upya kabla halijabeba lita moja ya biashara.

Kwa hiyo tunafanyaje? Mbadala tunautafuta kabla ya uhaba. Kila chesi tunayoijengea ina michoro miwili, wa kwanza na wa akiba, na wa akiba umepigiwa hesabu zote hizi tukiwa tumetulia, hakuna mteja mlangoni. Kwa tipa hili mchoro wa akiba una pampu ya 63: bodi linapanda kwa sekunde 57, PTO inabeba nyutonimita 180 hivi, mabano na mipira havibadiliki. Mbadala wa aina hiyo nautia saini bila wasiwasi. Pia stoo hatuipangi tena kwa bei ya kitu. Tunajiuliza kitu hiki kikikosekana, magari mangapi yatasimama? Kwa kipimo hicho, sili ya bei ndogo inawekwa kwa wingi kuliko jeki.

Hapa ndipo vitabu na mimi tunapoachana. Kanuni ya akiba ya tahadhari, ile ya kukadiria vipuri vya ziada vya kuweka stoo, inadhani muda wa kusubiri mzigo unacheza karibu na wastani. Kwetu valvu huja baada ya wiki 8 au baada ya wiki 26. Wastani wake ni 17, na sijawahi kupokea kontena hata moja wiki ya 17. Nikiweka akiba ya wiki 26, fedha ya mishahara imelala rafu. Nikiweka ya wiki 8, uwanja unajaa magari. Na sili za mpira huzeeka hata zikiwa kwenye pakiti. Nimeamua kuweka akiba ya wiki 14, na nakiri hakuna hesabu niliyoifanya kuipata. Ni kile ambacho mkurugenzi na mimi tunaweza kukivumilia.

Jingine linalonitesa ni oda za woga. Mwaka 2022 niliagiza valvu zilezile kwa wauzaji watatu nikitumaini mmoja atafika. Wote walifika, ndani ya mwezi mmoja. Bila shaka karakana nyingine zilifanya vilevile, na kwa kufanya hivyo sote tulimwonesha mtengenezaji uhitaji ambao haukuwepo, tukaurefusha uhaba tuliokuwa tunaukimbia. Ningerudi siku ile, sina uhakika ningefanya tofauti.

Na kunyofoa: kutoa kifaa kwenye gari la mteja mmoja ili la mwingine litoke. Jambo hilo nimelipiga marufuku, kwa sababu ahadi ya kurudisha husahaulika na gari la pili hukaa uwanjani bila mwenyewe kujua kwa nini. Nimewahi kuivunja amri yangu mara moja, kwa boza la maji lililokuwa linakwenda hospitali ambayo kisima chake kilikuwa kimeharibika. Mwenye gari la pili nilimpigia kabla ya kufungua bolti hata moja. Alikubali. Angekataa, sijui ningefanya nini.

Yule mteja wa wiki iliyopita nimemwandikia namba zote mbili, 45 na 57, kwenye karatasi moja pamoja na 315 na 300. Aliisoma akiwa amesimama, kisha akavuta kiti. Ya 80 iko baharini. Isipofika Ijumaa ijayo, tunamfungia ya 63.