Je, wajua? Aretha Franklin hakulitoroka kanisa

Kwa miaka mingi niliamini, na nikiulizwa nilisimulia hivyo, kwamba Aretha Franklin, mwimbaji maarufu wa Marekani na binti wa mchungaji, alikimbia kanisa akaimbe nyimbo za dunia, baba akabaki na huzuni. Kwetu hadithi ya namna hiyo inaaminika upesi, maana tunawajua wanakwaya waliotengwa kwa kosa hilo hilo. Kwa Aretha si kweli. Baba yake, Mchungaji C. L. Franklin wa kanisa la New Bethel mjini Detroit, ndiye aliyemsaidia kurekodi nyimbo za majaribio, na mwaka 1960 binti, akiwa na miaka 18, akasaini na kampuni ya muziki ya Columbia kwa baraka za baba.

Alizaliwa Memphis mwaka 1942. Mama yake, Barbara, naye mwimbaji na mpiga piano, alifariki kabla binti hajatimiza miaka 10.

Basi alijifunzia wapi? Alipoletewa mwalimu wa piano alijificha. Akajifunza kwa kusikiliza tu. Na alichokisikia zaidi ni ibada. Fikiria ngoma: mwimbishaji anatupa mstari, waitikiaji wanaudaka. Ndivyo mahubiri ya baba yake yalivyokwenda. Anaanza kwa kusema, sauti inapanda, mwisho inakuwa kama wimbo, na kila akivuta pumzi waumini wanaijaza nafasi ile. Sasa mweke mtoto wa ibada hiyo kwenye piano: koo ndilo mhubiri, vidole ndio waumini. Akinyamaza kidogo, piano inaitikia. Piano ikimhimiza, anapanda zaidi, silabi moja akiipitisha kwenye noti tano sita, kama mtu ashukaye ngazi akikanyaga kila kipandio. Akipiga mtu mwingine, hata awe fundi, itabidi akisie pumzi ya mwimbaji itakatika wapi. Vidole vyake mwenyewe havikisii.

Nadhani hapo ndipo penye siri ya mwaka 1967, alipokuwa amehamia kampuni ya Atlantic na kurekodi kule Muscle Shoals, Alabama. Spooner Oldham ndiye aliyepangiwa piano. Aretha alipoigusa, Oldham akahamia kinanda cha umeme. Wimbo waliourekodi hapo, "I Never Loved a Man (The Way I Love You)", ukampa umaarufu ambao Columbia haikuufikia. Si piano peke yake, lakini, kwani hata Columbia aliwahi kujipigia, na Atlantic ilibadilisha wanamuziki na nyimbo pia.

Januari 1972 alirekodi injili kwa usiku mbili katika kanisa moja la Los Angeles. Baba yake alisimama akawaambia watu kwamba binti huyu hakuwahi kuliacha kanisa. Kisha Aretha akakaa kwenye piano akaimba "Never Grow Old", wimbo aliourekodi New Bethel akiwa na miaka 14, na katikati ya wimbo baba akainuka na kitambaa, akamfuta jasho usoni.