Simu ya siri kazini: kinachofanyika baada ya mpigaji kukata

Katika kampuni nyingi, kwenye ubao wa matangazo au kando ya mlango wa kantini, kuna bango lenye namba ya kutolea taarifa za wizi, rushwa, unyanyasaji wa kingono na uvunjaji wa kanuni za usalama. Wafanyakazi hulipita kila siku bila kujua ni nani anayepokea simu hiyo, na aliyewahi kuipiga hathubutu kusema, asije akaitwa mnoko.

Njia hizi zilipata nguvu baada ya kuanguka kwa Enron na WorldCom, kampuni kubwa za Marekani zilizokutwa zimeghushi hesabu zao, nchi hiyo ilipotunga sheria ya Sarbanes-Oxley mwaka 2002 na kuzitaka kamati za ukaguzi za kampuni zilizoorodheshwa kwenye soko la hisa ziwe na utaratibu wa kupokea malalamiko kuhusu hesabu za fedha kutoka kwa wafanyakazi wasiotaka kutajwa. Sababu yake haikuwa huruma peke yake. Ripoti ya mwaka 2024 ya ACFE, chama cha kimataifa cha wachunguzi wa udanganyifu, inaonyesha kwamba asilimia 43 ya matukio iliyoyachambua yaligunduliwa kwa kudokezwa na mtu, na zaidi ya nusu ya madokezo hayo yalitoka kwa wafanyakazi wenyewe. Tanzania nayo ina Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015, na Kenya, kwa sheria yake ya hongo ya mwaka 2016, inamtaka mwenye madaraka anayeshuku hongo aripoti ndani ya saa 24.

Penye utaratibu mzuri, simu hupokelewa na watu wa nje ya kampuni, ambao huuliza jambo lenyewe, siku, mahali na nani mwingine aliona, kisha humpa mpigaji namba ya kumbukumbu ili apige tena baada ya wiki mbili au tatu kuulizia na kujibu maswali mapya. (Asitumie simu ya ofisini, wala kompyuta ya kazini.)

Ugumu huanzia hapo. Tuseme mtunza stoo ameona hati ya mapokezi inayosema mifuko 200 ya saruji, ilhali iliyoshushwa ni 180, na funguo za stoo hiyo ziko kwa watu watatu tu. Hata asipotaja jina, meneja akisomewa taarifa hiyo kama ilivyo atajua ni mmoja wa hao watatu. Mchunguzi makini hataitaja simu kabisa; ataagiza stoo zote zihesabiwe siku moja, kama ukaguzi wa kawaida, ili upungufu ujitokeze wenyewe na mtuhumiwa naye apate nafasi ya kujieleza mbele ya hesabu, si mbele ya uvumi.

Kishawishi cha kumsaka mtoa taarifa hufika hadi juu kabisa. Mwaka 2016 benki ya Barclays ilipokea barua zisizo na jina zilizohoji kuajiriwa kwa ofisa mwandamizi, na Jes Staley, mtendaji mkuu wa wakati huo, akawataka watu wa usalama wa benki wamtafute mwandishi. Hawakumpata. Hata hivyo, mwaka 2018 wasimamizi wa fedha wa Uingereza walimtoza yeye binafsi faini ya jumla ya pauni 642,430, kwa kuwa naye alilalamikiwa kwa kiasi fulani ndani ya barua hizo, na mtu wa namna hiyo hana nafasi ya kuamua jinsi zinavyoshughulikiwa.

Wapo wakurugenzi wanaojivunia kwamba mwaka mzima hakuna aliyepiga. Kwa kampuni yenye wafanyakazi 2,000, sifuri hiyo mimi huitilia shaka: ama namba haijulikani, ama inaogopwa. Mjumbe wa bodi anayetaka kujua ni lipi kati ya hayo aipige mwenyewe saa nane usiku, aseme Kiswahili cha kawaida, asikilize kama kuna anayepokea na swali la kwanza atakaloulizwa, hasa kama swali hilo ni jina lake.