Kiazi kinachomliza mkaza mwana: majina ya mazao ya Wakechua na yanayosemwa juu yake

Kule milima ya Andes, Amerika ya Kusini, kuna kiazi kimoja kina vinundu kila upande na macho yamezama ndani kabisa, ukikishika ni kama umeshika tangawizi nene, na Wakechua, wenyeji wa asili wa milima hiyo, wa upande wa Cusco nchini Peru wanakiita qhachun waqachi. Qhachun ni mkaza mwana, yaani mke wa mwanao. Waqay ni kulia. Alafu angalia, sisi tunachukua lia tunapata liza, na wao wanachukua waqa wanabandika -chi wanapata waqachi, ambayo ndo hiyohiyo liza, kwa hiyo jina zima ni mliza mkaza mwana. Huko Ayacucho, upande mwingine wa Peru, mkaza mwana anaitwa llumchuy, basi na kiazi kinaitwa llumchuy waqachi.

Jina hili limezunguka sana mitandaoni na kila mtu analisema anavyotaka, ndo maana nimeona niandike.

Linalosemwa zaidi ni kwamba jina linaonyesha jinsi wanaume wa Kikechua wanavyodharau wanawake. Hapana. Kwenye jina hili mwanaume hayupo kabisa. Stori yake ni kwamba mama mkwe anampa binti anayetaka kuingia kwenye familia kile kiazi na kisu, amenye, na asikate nyama ikaondoka na maganda, akishindwa analia. Hao ni wanawake wawili jikoni, mmoja ana mamlaka na mwingine bado hana kitu. Kwenye jamii nyingi za huko bibi harusi anahamia kwanza kwa wazazi wa mume, anakuta jiko lina mwenyewe, chakula kina mwenyewe, na kupoteza chakula kwenye milima ya mita 3,500 au 4,000 ambako baridi ikipiga shamba limekwisha ni kosa kubwa kweli. Mwanamke yeyote wa kwetu aliyewahi kupika ukweni siku ya kwanza huku anaangaliwa mikono ataelewa hilo jina bila kutafsiriwa. Na hapo ndo ninapotaka watu wawe makini, maana wapo wanaoligeuza kuwa kachekesho ka kuwauzia watalii, wakati neno lenyewe ni kulia, sio kucheka. Jinsia ipo kwenye hilo jina tena kwa uzito, ila ni suala la umri na nani kaingia nyumba ya nani, sio tu mwanaume juu ya mwanamke.

Wengine wanaamini kabisa kwamba mpaka leo binti haolewi bila kufaulu mtihani wa kumenya. Sio kweli. Chakula cha kila siku huko ni viazi vilivyochemshwa na maganda yake, wanaita wayk'u, unamenya kwa vidole wakati wa kula. Ndoa zenyewe zina taratibu zake ndefu, familia zinakaa zinaongea, na kuna desturi ya wawili kuishi pamoja kwanza kabla ya harusi, inaitwa sirvinakuy. Na sio binti peke yake anayepimwa, mkwe wa kiume, qatay, naye anatarajiwa kuwafanyia kazi wakwe zake.

Kuna hili la lugha pia. Watu wanaona kwenye maandishi ya Kihispania kiazi kinatajwa kama kitu cha kike, la papa, wanadhani Wakechua ndo walikiona hivyo. Neno papa kweli limetoka Kikechua, lakini huo uke umewekwa na Kihispania. Kikechua hakina jinsia kwenye sarufi, pay ni yeye, awe mke awe mume, sawasawa na sisi. Kinachojali jinsia ni majina ya undugu: mwanaume dada yake ni pana, mwanamke dada yake ni ñaña, kaka wa mwanaume ni wawqi na kaka wa mwanamke ni tura. Wanaokumbuka neno letu la zamani umbu, yaani ndugu wa jinsia tofauti na yako, watashika haraka.

Alafu mama. Watu wanasoma Saramama, mama wa mahindi, na Axomama, mama wa viazi, wanachora mwanamke mrembo amekaa mawinguni, miungu ya kike basi. (Hilo neno mama kufanana na letu ni bahati tu, lugha hizi hazina undugu.) Padri Mhispania José de Arriaga aliyekuwa anazunguka Peru kuzikomesha ibada za wenyeji aliandika kitabu mwaka 1621, na alichokiona ni vitu vya kushikika: bua lililozaa magunzi mengi, viazi vilivyoota vimeshikana, jiwe lililochongwa kama gunzi, au mwanasesere wa mabua ya mahindi aliyevishwa nguo za kike. Yaani mama hapo ni zao lenyewe lililozaa kupita kawaida, linatunzwa ili mengine yafuate. Ndo heshima waliyoipa nguvu ya kuzaa, na imekaa kwenye utamaduni uleule uliotoa mliza mkaza mwana, sioni sababu ya kuchagua jina moja na kusema hili ndo Wakechua wanavyomwona mwanamke.

Ila msidhani kila jina ni la wanawake. Mengi ni ya rangi, umbo na wanyama tu, puka nyekundu, yana nyeusi, puma maki mkono wa puma, yule paka mkubwa wa huko. Andes kuna aina zaidi ya 4,000 za viazi vya asili, wangepata wapi wakaza mwana wa kutosha. Na sisi tulivyoviita viazi ulaya tumekosea kwao kabisa.

La mwisho ni hili la kusema kilimo ni cha mwanaume, mwanamke kazi yake kumenya. Guaman Poma, mwandishi wa asili ya huko, alichora mwaka 1615 hivi watu wanalima, wanaume wamekanyaga chakitaklla, lile jembe la mguu, na mwanamke ameinama anaweka mbegu kwenye udongo. Mpaka leo kwenye vijiji vingi ni hivyo, na kuchagua mbegu na kuitunza ghalani ni kazi ya wanawake, wao ndo wanajua ipi ni ipi na inaitwaje. Kwa hiyo yule mama mkwe wa kwenye stori ndo huyohuyo anayeshika mbegu za nyumba nzima, na binti aliyelia na kisu mkononi ndo atakayeachiwa hizo mbegu siku moja, pamoja na kile kiazi chenye vinundu.