Kadi "inayopanda vizuri": maana ya nafasi ya ovakloki

Uliza watu ununue kadi gani ya grafiki baada ya ile ya zamani kuzidiwa, na hutakosa wa kukwambia: "Chukua hii, inapanda vizuri." Anamaanisha kwamba ukiifanyia ovakloki, yaani ukiisukuma chipu yake iende kwa kasi kuliko iliyopangiwa kiwandani, itakubali. Kinachosifiwa hapo ni nafasi, lile pengo kati ya kasi ambayo kadi inauzwa nayo na kasi ambayo chipu ingeweza kufikia kabla haijaanza kukosea hesabu. Kuna kadi zilizokuwa na pengo la theluthi nzima, na kuna ambazo ukiongeza kidogo tu, skrini inajaa madoa au gemu linajifunga.

Pengo hilo linatokana na namna chipu zinavyotengenezwa. Hukatwa nyingi kwa pamoja kutoka kwenye bapa la silikoni lenye kipenyo cha milimita 300, na hata zilizotoka bapa moja hazilingani. Moja hutulia kwa volti chache, jirani yake hutaka nyingi zaidi kwa kazi ileile. Kampuni haiwezi kuuza kila chipu kwa kasi yake, kwa hiyo hupanga kasi ambayo hata iliyo dhaifu kuliko zote zilizofaulu ukaguzi itaihimili, ndani ya kesi yenye vumbi na joto, kwa miaka kadhaa. Aliyeangukiwa na chipu nzuri anabaki na ziada mkononi. Wenyewe wanaiita bahati nasibu ya silikoni, na jina limestahili: kadi mbili za modeli moja kutoka duka moja zinaweza kupishana kwa makumi ya MHz (megahezi, kipimo cha kasi ya chipu).

Kisa kinacholieleza jambo hili vizuri kuliko vyote ni cha Juni 2015. Mwezi huo Nvidia walitoa kadi ya GTX 980 Ti na wapinzani wao AMD wakatoa Radeon R9 Fury X, zote kwa dola 649 kule Marekani. Kwa kuitazama tu, Fury X ndiyo ungesema imeumbwa kwa ovakloki. Ilikuja na kipozeo cha maji tangu kiwandani, ina soketi mbili za umeme za pini nane, na AMD wenyewe waliinadi jukwaani kuwa ni ndoto ya wapenda ovakloki. Ilipofika mikononi mwa watu, ikagoma. Kutoka MHz 1050 za kiwandani, wengi waliambulia 1100 na ushee. GTX 980 Ti, ambayo kasi yake rasmi ilikuwa MHz 1000, na 1075 inapojipandisha, ilivuka 1400 kwa feni za kawaida.

Zote mbili zilitengenezwa kwa teknolojia moja, ya nanomita 28 ya TSMC, kiwanda kilichozitengeneza. Tofauti ilikuwa kwenye muundo wa chipu na uamuzi wa muuzaji. Nvidia waliuza chipu ikiwa mbali na ukomo wake, AMD waliiuza ikiwa imeshakaribia mwisho ili ishindane, na maji hayawezi kurudisha nafasi ambayo kiwanda kimeshaitumia. Ndiyo maana huwa siamini picha za kadi yenye feni tatu na taa za rangi. Feni zinaonyesha uwezo wa kupoza, basi.

Kupoza kuna umuhimu wake, lakini kikwazo cha kwanza siku hizi huwa ni umeme. Matumizi ya chipu hupanda sambamba na kasi, na hupanda kwa mraba wa volti. Ongeza kasi asilimia 10 na volti asilimia 10, umeme utaongezeka kama asilimia 33. Kadi ya wati 250 inakuwa ya wati 330 na zaidi, kwa faida ambayo huenda usiione kwa macho. Kwa sababu hiyo kila kadi imewekewa kikomo cha wati ndani ya biosi yake, yaani programu ndogo inayoiendesha kadi yenyewe, na kikomo hicho hakifanani hata kwa kadi zenye chipu moja. Toleo la bei ya chini linaweza kukataa kupita asilimia 100, wakati toleo la kampuni nyingine linaruhusu asilimia 10 au 15 juu yake. Tofauti hiyo haiandikwi kwa herufi kubwa kwenye boksi. Kwa kadi za Nvidia, programu ya bure ya GPU-Z huonyesha kikomo cha kawaida na cha juu kabisa, na ukurasa wa uchambuzi wa toleo hilo kwenye tovuti ya TechPowerUp mara nyingi huwa na sehemu nzima ya ovakloki: kasi iliyofikiwa, na gemu lilinufaika kwa kiasi gani. Soma hayo ya faida kwenye gemu kwanza.

Na hesabu waya pia. Sloti ya PCIe, ile kadi inapochomekwa kwenye ubao mama, inatoa wati 75, pini sita zinaongeza 75, pini nane zinaongeza 150. Mwaka 2016 AMD walitoa RX 480 ya wati 150 yenye soketi moja ya pini sita, maana yake imefika ukingoni kabla hujaigusa. Wapimaji wakagundua kwamba inavuta kwenye sloti kuliko inavyoruhusiwa, na AMD ikabidi watoe draiva ya kurekebisha mwezi Julai. Kadi ya namna hiyo usiinunue kwa ajili ya ovakloki.

Joto lina hesabu yake ya pwani. Kipozeo hakishushi joto chini ya lile la chumba. Kinachopimwa ni nyuzi ngapi juu ya hewa inayoingia. Kadi iliyotulia kwenye nyuzi 65 katika maabara ya Ulaya yenye nyuzi 21 itakaribia 75 katika chumba cha Mombasa au Dar es Salaam kisicho na kiyoyozi mwezi Februari. Kadi za Nvidia hupunguza kasi zenyewe, ngazi ndogo ndogo za MHz 15 hivi, kadiri joto linavyopanda. Matokeo mazuri uliyoyasoma mtandaoni yapunguze kidogo kabla hujayapigia hesabu.

Kumbukumbu ya kadi nayo hupandishwa, ila ina hila. Nyingi za kisasa hugundua data iliyoharibika njiani na kuituma upya, kwa hiyo ukizidisha, gemu halijifungi. Fremu, yaani picha linazotoa kwa sekunde, zinapungua kimyakimya huku MHz zikisoma juu. Pima fremu kila unapoongeza.

Sasa, lile pengo limepungua sana. Machi 2012, GTX 680 ya Nvidia ilikuja na mfumo wa GPU Boost, ambao kadi hutazama joto na umeme wake kisha hujipandisha yenyewe. Tangu hapo viwanda vimekuwa vikifanya ovakloki kabla yako. Hii ina maana kwamba pengo halipimwi tena kutoka namba ya kwenye boksi. Lipime kutoka kasi ambayo kadi inaonyesha gemu likiwa linaendelea, mara nyingi iko juu ya namba rasmi. Zipo zinazoenda kinyume na mkondo: RTX 5080 ya Januari 2025 ina kasi rasmi ya MHz 2617, na wengi wameivusha 3000. Lakini hiyo ni faida ya asilimia 10 hivi kwenye gemu, si daraja jipya. Kwenye kadi nyingine, kama RTX 3080 ya wati 320, wengi walifanya kinyume: walishusha volti kasi ikabaki karibu palepale, kadi ikapoa na kelele za feni zikapungua. Hiyo pia ni kuitumia ile ziada ya chipu, na kwa mwenye pawa saplai ndogo naiona ndiyo njia ya busara zaidi.

Je, inafaa kushuka daraja ukitegemea ovakloki? Imewahi kufaa. Septemba 2014, GTX 970 iliuzwa dola 329 na GTX 980 dola 549, chipu yao moja, ila 970 ilikuwa imezimiwa sehemu: viini 1664 kati ya 2048. Ukiifikisha 970 kwenye MHz 1450, iliishika 980 ambayo haijaguswa. Dola 220 zimebaki mfukoni. Bila shaka mwenye 980 naye angeweza kupandisha yake, na miezi michache baadaye ikajulikana kwamba katika GB 4 za 970, nusu GB ya mwisho ilikuwa ya polepole. Hapo ovakloki haina msaada. Haiongezi kumbukumbu wala haiwashi viini vilivyozimwa. Kwa anayechagua leo kati ya kadi ya GB 8 inayopanda vizuri na ya GB 12 au 16 isiyopanda, mimi ningechukua ya pili bila kufikiri sana.

Kwenye mitumba kuna jambo moja la ziada. Sarafu ya kidijitali ya Ethereum ilipoacha uchimbaji wa kadi Septemba 2022, kadi nyingi zilizokuwa zikifanya kazi usiku na mchana zilimwagika sokoni, na baadhi zilikuwa zimebadilishiwa biosi ili kumbukumbu iende kasi na umeme upungue. Kadi kama hiyo haikwambii chochote kuhusu nafasi yake, kwa sababu namba unazoziona si za kiwandani. Kabla ya kutoa hela, mwombe muuzaji aendeshe programu ya kupimia kadi kama Superposition au 3DMark kwa dakika 15 ikiwa haijapandishwa, sikiliza feni, kisha linganisha toleo la biosi na kasi zinazoonyeshwa na GPU-Z na zile zilizoorodheshwa kwa modeli hiyo. Visipofanana, biosi ya asili irudishwe kwanza, ndipo upime tena.