Fidia ya uwanja wa ndege si bei ya nyumba tu

"Nyumba zao si zimelipwa? Wanalalamika nini tena?" Hivyo ndivyo wengi husema wakisikia wakazi wa Kipawa au Kipunguni, jirani na Uwanja wa Julius Nyerere, Dar es Salaam, wakidai fidia ya kupisha upanuzi wa uwanja huo.

Sheria ya Tanzania haisemi hivyo. Kanuni za fidia za mwaka 2001 zinataka mthamini ahesabu ardhi na maendelezo yake kwa bei ya soko, kisha aongeze posho ya usumbufu, faida ya biashara iliyopotea, posho ya makazi, ambayo ni kodi ya pango ya miezi 36, na usafiri wa mizigo ya tani 12 ndani ya kilomita 20. Fremu ya duka iliyokuwa ikilisha familia, basi, haihesabiwi kama matofali na bati tu. Malipo yakichelewa zaidi ya miezi sita, riba inaanza kuhesabiwa.

Na kwa maoni yangu, kuchelewa ndiko kunakoumiza zaidi. Nyumba ikishathaminiwa, nani atathubutu kuongeza chumba au hata kubadilisha bati linalovuja?