Je, wajua kwa nini rangi ya ukuta haina mnato mmoja?

Chovya brashi kwenye kopo la rangi ya ukuta, uinyanyue. Rangi inang'ang'ania brashi. Ipake ukutani: inateleza kwa ulaini wa maji. Ondoa mkono, nayo inatulia palepale bila kuchuruzika. Sasa, rangi hii ni nzito au nyepesi, yaani mnato wake, ukinzani wake dhidi ya kutiririka, ni mkubwa au mdogo? Inategemea unaisukuma kwa kasi gani.

Maji hayana vituko hivyo. Mwaka 1687 Isaac Newton alieleza kimiminika kana kwamba ni tabaka zinazoteleza moja juu ya nyingine: ukitaka ziteleze kwa kasi maradufu, ongeza nguvu maradufu. Maji yanatii, mafuta ya kupikia nayo yanatii, hivyo namba moja ya mnato inatosha. Kwa maji ya nyuzi 20 za Selsiasi, ni takriban milipaskali-sekunde 1.

Tia chembe ngumu ndani yake, mambo yanageuka. Albert Einstein alipiga hesabu hiyo mwaka 1906, akakosea, akaisahihisha mwaka 1911: chembe za duara zikichukua asilimia 1 ya ujazo, mnato hupanda kwa asilimia 2.5. Lakini hesabu hiyo inafaa chembe zikiwa chache na zikiwa mbali moja na nyingine. Zikisongamana, zinaanza kushikana na kuzuiana njia. Kwenye rangi, zimeungana kwa ulegevu kama wavu. Brashi inauchana, ukiachwa unajiunga tena. Wanga wa mahindi uliochanganywa na maji kidogo hufanya kinyume: ukoroge taratibu unalegea, upige ngumi unakuwa mgumu.

Basi mpimaji hatafuti namba moja, anatafuta mchoro unaoonyesha mnato kwa kila kasi. Mwaka 1890 Mfaransa Maurice Couette alitumia silinda mbili, moja ndani ya nyingine, na kimiminika katikati. Ya nje huzunguka, ya ndani huning'inia kwenye waya. Kadiri waya unavyojisokota ndivyo kimiminika kinavyovuta. Rheometa za leo, mashine za kupimia mtiririko, zinafuata wazo hilohilo, ila nyingi hutumia koni bapa iliyogeuzwa juu ya sahani. Kwa nini koni? Ukingo wa kitu kinachozunguka huenda kasi kuliko kitovu. Koni hupanua nafasi kadiri unavyoelekea ukingoni, kwa hiyo tabaka za sampuli yote huteleza kwa kiwango kimoja. Mbinu ndogo, lakini mimi huiona maridadi kuliko umeme wote uliomo ndani ya mashine.

Kisha kuna mitego. Kando ya ukuta laini wa chuma wa silinda, chembe hupungua na kuacha utando mwembamba wa maji matupu. Sampuli inateleza juu ya utando huo kama mtu aliyekanyaga sabuni, na mashine inaripoti mnato mdogo kuliko ulivyo. Dawa yake ni ukuta wenye mikwaruzo, au kuchovya pangaboi dogo badala ya silinda. Chembe nzito nazo huzama chini wakati ungali unapima. Tena sampuli ina kumbukumbu: iliyokorogwa sasa hivi na iliyotulia saa nzima hazitoi jibu moja, ndiyo maana mpimaji makini huzikoroga kwanza, kisha huzipumzisha kwa muda uleule kila mara.

Zege lina kokoto kubwa mno kwa koni za maabara, kwa hiyo mafundi wana koni yao: ya chuma, wazi juu na chini, kimo cha sentimita 30. Hujazwa zege bichi, huinuliwa, kisha hupimwa zege limeshuka kiasi gani. Linakoma kushuka pale uzito wake unaposhindwa kuvuka kizingiti cha nguvu kinachohitajika ili litiririke. Kipimo hicho kinaonyesha kizingiti tu, wala si mnato baada ya mtiririko kuanza. Ndiyo maana mazege mawili huweza kushuka sawasawa kwenye koni, moja likapita vizuri kwenye bomba la pampu na jingine likaziba.